"Lakini" Nyingi, "Bali" Haba

Ndugu msomaji, chukua hadithi au shairi la kijana wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, upite Kahama, hadi Geita, kisha uhesabu "lakini". Utachoka! Dhahabu ipo lakini maji hakuna. Kijana kashinda duarani lakini nauli hana. Ni kweli tupu, nani atabisha? Ila kwa upande wa fasihi, mimi naona kazi hizi zimelala.

"Lakini" huweka mambo mawili yanayopingana, basi, likaishia hapo. Nani kayasababisha, halisemi. "Bali" ni neno jingine kabisa. Haliingii mpaka kwanza ukanushe: si hili, bali lile. Anayelitumia hana budi kukataa jambo mbele za watu, kisha aweke jingine mahali pake. Ndiyo maana "Nilikwenda Geita bali sikupata kazi" ni kosa. Hapo hakuna kilichokanushwa kwanza.

Nadhani Kiingereza cha sekondari kimetuponza. Huko "but" moja hufanya kazi zote mbili, nasi tunaitafsiri "lakini" kila mahali. Hata Wareno, ambao "mas" yao hufanya kazi ya lakini, wakitaka kukanusha na kusahihisha huongeza neno: "mas sim", yaani lakini ndiyo. Kwao tumepata meza na bendera. Ila "lakini" na "bali" tumezipata zote mbili kwa Waarabu. Kwa nini basi moja tuiache ioze ghalani?

Tazama mfano. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba. Mshairi akiandika, "Almasi yang'aa lakini shamba limezikwa," tutasikitika, tutafunua ukurasa. Akiandika, "Hili si gharika la Mungu, bali ni bwawa lililojengwa na watu," hapo ubishi umeanza. Msomaji atauliza: watu gani? Lilijengwaje?

Sisemi tuifute "lakini". Mama anayeponda mawe ana haki ya kuguna tu. Tena "bali" ya mtu asiyechunguza ni kelele, maana ukikanusha utadaiwa ushahidi. Ila mwandishi anayeogopa kudaiwa, bwana, huyo anatuandikia nini?