Maradhi ya Kazimoto

Riwaya ya Kichwamaji, aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, imesomwa na wahakiki wengi kama kitabu cha falsafa. Kazimoto, mwanachuo anayesimulia habari zake mwenyewe, huhesabiwa kuwa mtu aliyeyatazama maisha, akayaona hayana maana, kisha akajiua kwa kuifuata hoja yake hadi mwisho. Usomaji huo una heshima yake, wala hapana awezaye kukana kwamba Kezilahabi alikuwa mwanafalsafa. Walakini unaliruka jambo moja, nalo ni kwamba Kazimoto ana dalili zote za mtu anayeugua.

Jina la kitabu lenyewe ladokeza. Kichwamaji ni maradhi ya mtoto, kichwa kinachojaa maji na kuvimba. Huonekana kwa macho, na jina yanalo. Maradhi ya kichwa cha baba hayakuandikwa juu ya jalada. Siku hizi matabibu huyaita sonona, neno lenye asili moja na kitenzi cha kale cha kusonona, yaani kuumiza. Aliyeumia moyoni husemwa amesononeka. Uteuzi huo ni mzuri, lakini una hatari yake, kwa kuwa kila mtu husononeka afiwapo. Sonona ya matabibu ni nyingine. Humkalia mtu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi: raha hutoweka hata katika mambo aliyoyapenda, usingizi hupotea au huzidi, chakula hakipiti, mwili huwa mzito, akili haitulii juu ya kazi, naye hujiona hafai kitu. Mwalimu hushinda na daftari moja asubuhi nzima. Karani huitazama barua asiweze kuijibu. Jirani huita uvivu, au maringo, au husema tu kwamba fulani ana mawazo. Msemo huu wa mwisho, ingawa haukutungwa na tabibu, umeukaribia ukweli kuliko mingine, maana ugonjwa huu huvaa sura ya fikra. Mgonjwa haoni kwamba anaugua. Huona kwamba hatimaye ameelewa.

Hapo ndipo ufundi wa Kezilahabi unapodhihirika. Kwa kumwachia Kazimoto usimulizi wote, amemfungia msomaji ndani ya kichwa kile kile. Rukia, dada yake, anakufa. Mama naye anakufa. Na kila msiba unapokewa na sauti ile ile moja, isiyo na wa kuipinga. Wahakiki wanaomwona kuwa mwanafalsafa tu huenda wameshawishiwa na ugonjwa wenyewe.

Itapingwa kwamba kumpeleka Kazimoto hospitali ni kuidunisha riwaya. Pingamizi hilo lina uzito. Misiba yake ni ya kweli, na elimu iliyomtenga na watu wa kwao haiponywi kwa vidonge. Lakini ugonjwa hauachi kuwa ugonjwa kwa sababu chanzo chake chajulikana. Aliyevunjwa mguu kwa dhuluma bado huungwa mguu. Sonona hutibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa, na wengi hupata nafuu pasipo kuyaacha maswali yao.

Kama kuna la kumlaumu mwandishi, ni juu ya Sabina. Mke huyu alilala chumba kimoja na mgonjwa, akamwona asubuhi na usiku. Lakini yeye mwenyewe huonekana kwa macho ya mumewe tu, na alichokiona hakikuandikwa.