Mskoti wa Ukuni: Kitabu Kilichoninyima Usingizi

Wapiga picha wa Kahama, Shinyanga na Geita, kitabu hiki mlinificha kwa nini? Nimefungua kurasa za mwanzo za A Walk Across Africa, kilichotoka 1864, na kulala imeshindikana! Mwandishi wake ni James Augustus Grant, Mskoti, mzaliwa wa Nairn. Watu hubeba kamera hadi Uskoti kuitafuta nyumba ya Walter Scott pale Abbotsford, au kibanda alichozaliwa Robert Burns kule Alloway. Natamani mno kufika huko. Lakini sura tamu kuliko zote za Mskoti huyu zina ardhi yake huku kwetu, na bodaboda inatosha kukufikisha.

Grant na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar 1860 kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka uliofuata Speke akatangulia, Grant akabaki miezi kadhaa Ukuni, upande wa Kahama, kwa mtemi Ukulima. Hapo kitabu kinanoga! Anayepita mbio huandika milima na mito. Huyu alikaa, basi akaandika mavuno, ngoma, na mtemi mzee aliyeipenda pombe yake. Kuna mahali anawatazama wenyeji kwa dharau ya afisa wa jeshi la Uingereza, na hapo nilikasirika. Kisha ukurasa unaofuata anatulia, anaangalia tena, na unawaona watu.

Sasa sikilizeni: Grant alikuwa mpiga picha! Alipiga picha Zanzibar mwaka huohuo wa 1860. Enzi zile picha ilinaswa kwenye kioo kilicholoweshwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema lenye giza. Fikirieni joto la humo! Speke aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa hali ya hewa ya huku, akavirudisha vifaa, na Grant akashika brashi na rangi za maji. Michoro yake ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya picha za kitabu cha Speke cha 1863. Kwa hiyo Ukuni ya Grant tunayo kwa maneno na kwa rangi, kwa kamera hatuna. Mpiga picha gani atasoma hayo akatulia?

Na bado! Alipoondoka Ukuni, Septemba 1861, watu wa mtemi Myonga waliupora msafara wake akielekea Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Geita. Hata swala granti mnayemjua mbugani jina lake limetoka kwa huyuhuyu wa Nairn.

Grant alikuwa Ukuni kiangazi, na mimi naitaka miezi ileile: mtama uani, vumbi hewani, jua la saa kumi na moja jioni likilala juu ya mapaa. Juni naanzia Ukuni, kisha kaskazini kuelekea Geita, kitabu mkononi, nikipiga picha za watu kwanza na za mandhari baadaye. Mwenye pikipiki imara na kamera ya aina yoyote, tuongozane.