Dipoli ya Maji Yaliyopandishwa Nishati

Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chanya upande wa haidrojeni. Ukubwa wa mgawanyiko huo, yaani dipoli, unajulikana vizuri molekuli ikiwa imetulia: debai 1.855. Lakini ikipewa nishati mpaka bondi moja ya oksijeni na haidrojeni ivutike mno, dipoli inakuwa kiasi gani?

Jibu lina uzito hata nje ya maabara. Sehemu kubwa ya mwanga wa jua unaofyonzwa na angahewa hufyonzwa na mvuke wa maji, na nguvu ya ufyonzaji huo hutegemea jinsi dipoli inavyobadilika bondi zinapotetema.

Mwaka 2002, kundi la Thomas Rizzo wa EPFL, Lausanne, Uswisi, likishirikiana na akina Jonathan Tennyson wa University College London, lilichapisha vipimo katika jarida la Science. Walifika kwenye hali zenye kwanta (vipande vya nishati) 4, 5, hata 8 za mtetemo wa bondi ya oksijeni na haidrojeni.

Njia ya kuanzia ilikuwa ya zamani. Johannes Stark aligundua mwaka 1913 kwamba uga wa umeme huipasua mistari ya spektra; kwa molekuli, ukubwa wa mpasuko huo hutegemea dipoli yake. Tatizo ni kwamba maji hufyonza nishati ya kiwango hiki kwa shida sana, kwa hiyo inahitajika leza kali ya mapigo, na mwanga wa leza hiyo una upana wa rangi unaoufunika mpasuko wenyewe.

Hapo ndipo ufundi wao ulipo: badala ya kutafuta mpasuko kwenye rangi, waliutafuta kwenye muda. Pigo la leza la nanosekunde chache liliziamsha kwa pamoja ngazi zote za nishati zilizopasuliwa na uga. Kila ngazi ikawa na mwendo wake, mithili ya nyuzi mbili za udi zenye sauti zilizopishana kidogo: zikipigwa pamoja, sauti hupanda na kushuka. Pigo jingine likaivunja molekuli, na kipande kilichobaki, haidroksili, kikamulikwa kwa leza na kung'aa. Pigo la kuvunja lilipocheleweshwa hatua kwa hatua, mng'ao huo ulipanda na kushuka. Kasi ya kupanda na kushuka huko ndiyo inayoonyesha tofauti ya nishati kati ya ngazi. Ukijua na nguvu ya uga, dipoli inapatikana. Upana uleule wa mwanga uliokuwa kikwazo ndio uliowezesha ngazi ziamshwe pamoja, na huo ndio uzuri mkubwa wa jaribio hili.

Tarakimu hizo zikawa mizani ya kupimia mahesabu ya wananadharia kwenye nishati za juu namna hiyo.

Maabara ya Rizzo haikuishia hapo. Mwaka 2006 ilipandisha maji kwa leza mpaka bondi ikakatika, ikapata nishati ya kuikata: 41,145.94 kwa sentimita (kizio cha nishati kinachotumika kwenye spektra), kwa shaka ya 0.15 tu.