Kamera Isiyo na Haraka

Machi 1993, gazeti la The New York Times lilichapa picha iliyopigwa na Kevin Carter wa Afrika Kusini katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Mtoto aliyedhoofu kwa njaa ameinama hadi chini. Nyuma yake ametua tumbusi. Wasomaji wengi wakaliuliza gazeti: mtoto yule aliishia wapi? Siku chache baadaye gazeti likaeleza kwamba alipata nguvu akaendelea na safari ya kwenda kwenye kituo cha chakula, lakini haikujulikana kama alifika. Picha ile iliishtua dunia, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya Pulitzer. Swali la wasomaji lilikuwa la haki hata hivyo. Walioneshwa njaa, nao wakamtafuta mtoto.

Makala ya picha ni sanaa inayolichukua swali hilo kwa uzito, na kwa hilo naipenda. Picha moja hukamata tukio. Picha ishirini zilizopangwa na mtu mwenye subira humpa binadamu asubuhi yake, kazi yake, jamaa zake na kesho yake.

Fundi mkubwa wa sanaa hiyo alikuwa Mmarekani W. Eugene Smith. Mwaka 1948 alikwenda kwa niaba ya jarida la Life hadi Kremmling, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, kumfuata Dkt. Ernest Ceriani. Siku za mwanzo alibofya kamera isiyo na filamu, ili daktari na wagonjwa wake wamzoee. Akakaa nao siku 23. Ndipo akaipata picha ile ya jikoni: Ceriani bado yumo ndani ya mavazi ya upasuaji, kikombe cha kahawa mkono mmoja, sigara mkono wa pili, macho hayatazami kitu. Mama aliyekuwa akijifungua amefariki, na mtoto naye. Mpigapicha wa kupita njia angeona mtu mchovu tu. Msomaji aliyekwisha kuongozana na daktari huyo kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mgonjwa anajua uchovu ule umebeba nini.

Mwaka 1951 Smith akaenda South Carolina, wakati wa sheria za ubaguzi wa rangi, akaongozana na Maude Callen, muuguzi na mkunga Mweusi aliyewahudumia maskini wa vijijini. Tunamwona akizalisha, akitibu, akiwafunza wakunga wenzake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema. Smith hakujidai kuujua. Alikaa karibu na mwenye kuujua, akatusogeza na sisi.

Ustadi wake uliendelea kwenye chumba cha giza. Alichapa picha zenye weusi mzito, kisha kwa brashi akapaka dawa ya kung'arisha pale tu alipotaka mwanga: kwenye weupe wa jicho, kwenye shavu, kwenye vidole. Aliweza kukesha na chapa moja. Kumpa mtu uso unaoonekana sawasawa ni adabu, hasa mtu ambaye nchi yake yenyewe haikutaka kumwona.

Makala kuhusu Callen ilipotoka Desemba 1951, wasomaji walichanga zaidi ya dola 20,000, na mwaka 1953 kliniki yake ikafunguliwa Pineville, huko huko South Carolina. Walikuwa wamemwona mwanamke hodari aliyeijua kazi yake, aliyekosa jengo. Mtu akioneshwa hivyo, msaada anaopewa huwa na heshima ndani yake.

Sisi Waafrika tumepigwa picha nyingi mno za haraka: njaa, mafuriko, kambi za wakimbizi. Wapigapicha wetu wana jicho, tena wana lugha ya kuombea ruhusa na kukaribishwa kitako. Wahariri wawape wiki badala ya saa, na kurasa badala ya kona. Kisha kila makala ipimwe kwa kipimo kimoja: aliyepigwa picha aletewe kurasa zile, azitazame mbele ya wanawe, na aweze kusema bila haya kwamba huyu ni yeye.