Homa Inapojiandika Kwenye Kipimo cha Thairoidi

Tuseme mama muuza sukuma wiki soko la Toi, ubavuni mwa Kibera jijini Nairobi, amelala na taifodi wiki nzima. Amekonda, hana nguvu, mapigo ya moyo hayamridhishi daktari. Anatolewa damu, inapelekwa maabara. Karatasi inarudi: homoni za thairoidi, T3 iko chini na T4 inakaribia mpaka wa chini; TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, ni 0.3, ilhali kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Tezi ya thairoidi imeharibika?

Tezi ni nzima. Kilichopimwa ni homa.

Sehemu kubwa ya T3 haitengenezwi shingoni. Ini, figo na misuli huichukua T4 na kuing'oa chembe moja ya iodini. Mwili ukiwaka kwa maambukizi, kemikali za kinga kama interlukini-6 huzuia kazi hiyo, na T4 nyingine hugeuzwa kuwa T3 ya kinyume, isiyo na nguvu. Ubongo nao hupunguza amri kwa tezi, ndiyo maana TSH hushuka badala ya kupanda.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huja mgonjwa anapopata nafuu. TSH huruka juu kwa muda, pengine ikakaribia 20, na aliyepona akaanzishiwa vidonge vya thairoksini (yaani T4) asivyovihitaji. Kibera hili si jambo gumu kufikirika, kwani taifodi imekuwa ya kawaida huko: uchunguzi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC ya Marekani wa 2007 hadi 2009 ulikuta visa 247 vya taifodi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Sasa vuka hadi Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, umpate kijana aliyetoka kuugua mafua. Shingo inamuuma mpaka sikioni, moyo unaenda mbio, T4 iko juu, TSH imezama. Hapa tezi yenyewe ndiyo iliyovimba, na homoni iliyohifadhiwa inavuja. Kabimazoli, dawa ya tezi, haimsaidii, kwani hiyo huzuia utengenezaji wa homoni, na hapa hakuna kinachotengenezwa kupita kiasi. Ibuprofeni hutosha mara nyingi. Maumivu yakizidi, prednisoloni.

Karatasi mbili, inflamesheni mbili, tiba tofauti. Fomu ya maabara huuliza jina, umri na jinsia. Ningeongeza mstari mmoja: umeugua nini wiki hizi, na unatumia dawa gani? Yule mama apimwe tena baada ya wiki 6 hivi tangu apone. T4 hupungua nusu kwa takriban siku 7, kwa hiyo damu huhitaji wiki hizo kutulia.