Fomu ya ruhusa na safari za vijana wa kanisa

Januari 2020, shule ya Parktown Boys' High, si mbali na Joubert Park jijini Johannesburg, ilipeleka wanafunzi wake wapya kambini karibu na Brits. Mvulana wa miaka 13, wa familia iliyotoka Kongo, alisombwa na maji ya Mto Crocodile. Kutokuwepo kwake kuligundulika kesho yake, maana majina hayakuitwa. Ndiyo maana fomu ya ruhusa ya vijana wa kanisa naipima kwa kazi yake safarini. Kwanza izae orodha ya majina, isomwe wakati wa kupanda gari, baada ya kila mchezo wa majini na kabla ya kulala.

Fomu nyingi hujaa ahadi kwamba mzazi hatalidai kanisa likitokea la kutokea. Ahadi hiyo haimsaidii kiongozi aliyesimama mapokezi ya hospitali saa nane za usiku na mtoto anayehema kwa shida. Anahitaji namba mbili za simu zinazopokelewa, dawa anazotumia mtoto, vitu vinavyomdhuru, na jina la mwenye haki ya kuamua.

Kwenye haki hiyo ndipo penye ugumu. Tuseme mtoto analala kwa shangazi Joubert Park, mama anafanya kazi Durban, baba yuko Bukavu. Nani atie sahihi? Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, Na. 38 ya 2005, inamruhusu shangazi anayemlea kukubali atibiwe, ikiwa ridhaa ya mzazi haipatikani kwa njia ya kawaida. Kijana aliyepita miaka 12, akiwa na upeo wa kuelewa, anakubali matibabu mwenyewe. Upasuaji ndio unadai msaada wa mzazi au mlezi wa kisheria. Basi fomu iwe na nafasi ya mzazi, ya anayeishi na mtoto, na ya kijana mwenyewe.

Kwa kambi ya Magaliesberg, ruhusa ya mzazi mmoja inatosha. Kwaya ikialikwa Maseru, Lesotho, kifungu cha 18 cha Sheria hiyo ya Watoto kinataka ridhaa ya wote wenye ulezi wa kisheria, au amri ya mahakama. Karatasi ya baba wa Bukavu haipatikani kwa siku mbili, kwa hiyo ianze kutafutwa mara tu mwaliko unapofika.

Na kabla ya yote, kiongozi aulize mtoto anaishi nchini kwa kibali gani. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kibali cha mwomba hifadhi hukoma mwenye nacho akitoka Afrika Kusini bila idhini ya waziri. Wikendi ya kuimba Lesotho yaweza kumwacha mtoto bila karatasi yoyote. Aulize faraghani, na jibu lisiandikwe kwenye orodha inayozungushwa garini.

Nakala moja ibaki ofisini, nyingine isafiri na kiongozi ndani ya bahasha. Sheria ya kulinda taarifa binafsi, ambayo utekelezaji wake kamili ulianza Julai 2021, inaipa afya ya mtoto ulinzi wa pekee; kurasa za magonjwa zichanwe safari ikiisha salama.