Usukani Unaotetemeka: Tazama Kingi Pini

Fundi akifunga shokapu mpya ya usukani na Land Cruiser ikaacha kutetemeka, watu humsifu kwamba ameiweza. Juzi nimezisikia tena sifa hizo hapa Arusha, za Land Cruiser HZJ75 ambayo kingi pini zake, zile egemeo za juu na chini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, hazijafunguliwa hata kidogo. Zinaniudhi. Shokapu haiondoi ugonjwa, inaunyamazisha tu, na mawimbi ya barabara ya Ngorongoro kwenda lango la Naabi yataichosha upesi. Kazi ya usukani hupimwa shokapu ikiwa imetolewa, kwenye barabara tupu, mwendo ukiongezwa polepole.

Jua kwanza gari linatetemeka vipi. Likianza kwenye kilomita 80 au 90 kwa saa na kutulia ukizidisha, kagua tairi, rimu na balansi. Likitetemeka unapokanyaga breki tu, ni diski. Lakini likiingia shimo moja, kisha mbele yote ikaanza kuruka kushoto na kulia na isikome mpaka ukaribie kusimama, tazama kingi pini, na hapo ndipo fundi hutengana na mbadilisha vipuri.

Asiyejua hupiga jeki, hushika tairi juu na chini, hulitikisa, na asipoona ulegevu husema kingi pini ni nzima. Haitoshi. Beringi za kingi pini lazima zikaze. Vua tairi, toa tairodi na dragi linki, kisha geuza habu kushoto na kulia kwa mkono. Inapaswa kwenda kwa uzito uleule kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikienda kwa kusukumwa na kidole, mtetemo umeupata. Halafu tulia pale katikati, gurudumu linapoelekea mbele. Sehemu kubwa ya maisha ya gari ni kwenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo roli za beringi hupiga palepale miaka yote mpaka zichimbe vikombe. Utaisikia habu ikidondokea katikati kama komeo la mlango. Beringi ya hivyo haiponi kwa kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo: ukiikaza, itabana pembeni na kubaki legevu palepale unapoihitaji. Itupe, pamoja na vikombe vyake.

Mzee aliyenifundisha kazi alitumia mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Aliinasa kwenye tundu la tairodi, akaivuta kwa pembe mraba, akasoma, akatoa shimu moja, akavuta tena. Alipima kabla ya kufunga sili za nje, maana sili mpya hubana na kumdanganya mtu kwamba beringi imekaza. Wala hakupunguza shimu za juu pekee kwa haraka, kwa kuwa shimu hizohizo ndizo zinazoiweka ekseli katikati. Upande mmoja ungeweza kumchukua siku nzima na mwenye gari akasubiri, akinywa chai. Subira hiyo imekwisha gereji. Siku hizi wapo wanaotoa shimu zote ili pakaze, na gari lao utalijua: ukitoka kona, usukani haurudi wenyewe. Wapo pia wanaouza gari bovu kwa shokapu mpya na tairi mpya, na kumjaribisha mnunuzi kwenye lami tu.

HZJ75 ya springi za majani ndiyo Land Cruiser ya kujifunzia. Zilizokuja kuanzia 1999 na koili mbele zimeongezewa fimbo ya Panhard, na bushi yake ikichoka huleta mtetemo uleule. Lala chini, mtu akate usukani kushoto na kulia injini ikiwaka, nawe utazame ncha za fimbo: zikisogea kabla ya ekseli, bushi imekwisha. Prado yenye sasipensheni huru mbele ni habari nyingine, haina kingi pini. Beringi mpya za kingi pini ziwe za Japani, la sivyo usifunge.

Baada ya safari ndefu ya kwanza ya changarawe, rudi na mizani. Vikombe vipya hukaa, uzito hupungua, na pengine shimu moja nyembamba hutoka tena. Fundi mzuri hukuambia hayo kabla hujamlipa, na shimu alizotoa huzitia kwenye bahasha iliyoandikwa namba ya gari, upande, na kama zilikuwa za juu au za chini.